Ulingo Unaokwea Mti: Mwindaji Huanguka Wapi?

Alfajiri ya Novemba, katika msitu wa misonobari huko Georgia, kusini-mashariki mwa Marekani, mwindaji anatua mzigo aliobeba mgongoni. Ni fremu mbili za aluminiamu, kilo 10 hivi kwa jumla. Anazungusha kebo ya kila fremu nyuma ya shina, anaifunga, anaingia katikati, kisha anaanza kupanda nazo. Hapigi msumari, hashiki tawi, hana ngazi. Anakaa, anakunja magoti na kuvuta fremu ya chini kwa miguu. Anasimama, anainua fremu ya juu kwa mikono. Anakaa tena. Baada ya muda yuko mita 5 juu ya ardhi, na bunduki yake bado imelala kwenye majani makavu chini ya mti.

Msomaji wa Kiswahili ana jina la kitu cha namna hii tangu zamani: ulingo, au dungu, lile jukwaa la miti analokaa mkulima kuwinga ndege na kufukuza nguruwe na nyani shambani. Tofauti ni kwamba ulingo wa shambani hujengwa ukabaki palepale. Huu wa Marekani hukwea pamoja na mwenye kuukalia, na jioni hushuka naye ukarudi nyumbani ndani ya gari.

Kumvizia mnyama ukiwa juu ya mti si jambo la Wamarekani peke yao. Nchini India jukwaa la aina hiyo huitwa machan, na ni juu ya machan iliyofungwa kwenye mwembe ndipo mwindaji Jim Corbett alipomsubiri chui wa Rudraprayag, aliyekuwa ameua watu zaidi ya 125, akampiga risasi Mei 1926. Corbett alimalizia uzee wake Nyeri, Kenya. Februari 1952 alikuwa pamoja na Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza katika hoteli ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti mwaka 1932 karibu na Nyeri, usiku ule ule ambao baba yake Elizabeth, Mfalme George VI, alifariki. Lakini machan ya Corbett ilikaa juu ya matawi. Ulingo wa kukwea hauna tawi la kukalia. Unashikwa na msuguano tu, na hapo ndipo hadithi ya usalama inapoanzia.

Faida za kukaa juu zinajulikana. Kulungu wa mkia mweupe, mnyama anayeviziwa hivi huko Marekani, ana pua kali, na harufu ya mtu aliye juu mara nyingi hupeperuka ikampita. Macho yake huwinda hatari iliyo usawa wake, mara chache juu. Tena risasi inayopigwa kutoka juu huishia ardhini badala ya kuendelea hadi kwa mwindaji mwingine. Ila faida hizo zina gharama yake. Takwimu za Georgia za kati ya 1979 na 1989 zilionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya majeraha ya wawinda kulungu yalihusiana na ulingo wa mtini. Watu wengi wanapofikiria hatari ya uwindaji huwaza risasi iliyopotea njia. Mwili unaodondoka hauwajii akilini.

Kuelewa kwa nini mtu anaanguka kunahitaji kuelewa kwanza kwa nini haanguki.

Kila fremu ina ukingo wenye meno unaogusa shina kwa mbele, na kebo inayozunguka shina kwa nyuma. Mwindaji anapoweka uzito wake upande ulio mbali na mti, fremu inataka kupinduka kwenda chini. Meno yanajikita kwenye gome upande huu, kebo inakaza upande ule, na fremu inanasa. Kadiri uzito unavyoongezeka, ndivyo inavyouma zaidi. Ni wenzo, kama ule wa bisibisi inayofungua kopo la rangi.

Uzuri wa mpango huo ndio ubaya wake. Ili fremu ipande lazima iachie, na inaachia pale tu uzito unapoondoka. Kwa hiyo chombo hiki kimeundwa makusudi kishike kinapokaliwa na kilegee kisipokaliwa. Mwindaji akisimama huku amejisogeza sana kwenye shina, wenzo unapungua nguvu. Akinyanyua kisigino vibaya, kikanyagio, yaani fremu ya chini, kinaweza kuteleza hata kabla hajakusudia kukisogeza. Hatari haiko katika kukaa juu kwa saa tatu. Iko katika zile sekunde ambazo uzito unahama kutoka fremu moja kwenda nyingine.

Sekunde hizo zinahesabika. Hatua moja ya ulingo huu humpandisha mtu sentimita 25 hivi. Kufika mita 5 kunahitaji hatua 20, na kila hatua ina mihamo miwili ya uzito, mmoja wa miguu na mmoja wa mikono. Hiyo ni mihamo 40 kupanda na 40 kushuka, jumla 80 kwa mti mmoja. Ikiwa mmoja tu utaharibika akiwa juu kabisa, mtu atafika chini kwa sekunde moja, akiwa na kasi ya kilomita 35 kwa saa.

Hapa ndipo ushauri maarufu wa ngazi unapokwama. Wapanda ngazi hufundishwa kuwa na viungo vitatu vinavyoshika wakati wote: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Mkwezi wa minazi wa Pwani anaifuata kanuni hiyo bila kuisoma popote. Mguu hautoki kwenye kidato kimoja kabla mikono na mguu mwingine havijatulia. Ulingo wa kukwea unaivunja kanuni hiyo kwa umbo lake. Miguu yote miwili huondoka pamoja na kikanyagio, na mikono yote miwili huondoka pamoja na kiti, yaani fremu ya juu. Hata mwindaji mwangalifu kuliko wote hawezi kuwa na viungo vitatu vilivyoshika. Hivyo kitu cha tatu lazima kitoke nje ya mwili wake.

Kabla ya kufika kwenye kitu hicho, kuna mti wenyewe. Unaofaa ni ulio hai, ulionyooka, usio na matawi hadi juu, na usiozidi unene ambao kebo inaweza kuuzunguka. Msonobari una gome la kukwaruza ambalo meno yanalipenda. Miti yenye gome laini kama ngozi huyatelezesha, hasa ikilowa au ikiganda barafu. Ile yenye gome linalobanduka kama karatasi humdanganya mtu: meno yanashika gome vizuri, lakini gome lenyewe halijashika mti. Tena shina huwa jembamba kadiri linavyopanda, kwa hiyo fremu iliyokaa sawasawa chini itainama upande wa nje ikifika juu. Mzoefu huanza na kikanyagio kilichoinuka kidogo upande wa nje ili kije kulala sawa pale atakapokaa.

Halafu kuna kamba fupi inayounganisha fremu ya juu na ya chini. Wengi huidharau, na baadhi huifungua kwa sababu inawakera miguuni. Kazi yake inaonekana siku kikanyagio kinapochomoka. Bila kamba hiyo, fremu ya chini huporomoka hadi kwenye mizizi, na mwindaji anabaki ananing'inia kwenye kiti mita 5 juu, hana pa kukanyaga wala njia ya kushuka. Kamba ikiwepo, kikanyagio kinabaki sentimita chache chini ya nyayo zake, naye anaweza kukivuta tena.

Zamani waliojali usalama walijifunga mkanda mmoja kiunoni au kifuani. Ulionekana unatosha hadi mtu alipoanguka nao. Mkanda wa kiunoni hupanda hadi mbavuni, hubana kifua na kuzuia pumzi, au humpindua mtu kichwa chini. Sekta ya ujenzi ilikwishalijua jambo hilo. OSHA, taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama kazini, iliukataza mkanda wa kiunoni kama kifaa cha kumdaka anayeanguka kuanzia Januari 1, 1998. Kanuni zake zinaruhusu mshtuko wa hadi kilonewtoni 8 kwa aliyevaa mikanda ya mwili mzima. Mkanda wa kiunoni ulikuwa umewekewa kikomo cha nusu ya hapo. Sababu ni rahisi: mikanda inayopita mabegani, kifuani na mapajani huugawa mshtuko, ilhali ule mmoja huushusha wote tumboni.

Wawindaji waliwafuata wajenzi. Chama cha watengenezaji wa ulingo wa mtini, TMA, kiliacha kuukubali mkanda mmoja, na ulingo wenye cheti chake sasa huuzwa ukiwa na mikanda ya mwili mzima ndani ya boksi.

Ila kuwa na mikanda ni jambo moja, na kuifunga mahali panapotakiwa ni jingine. Kosa la kawaida ni kupanda kwanza na kujifunga baada ya kufika. Mtu huyo anajilinda kwenye sehemu tulivu ya siku na kuiacha mihamo yote 80 bila kinga. Kwa wenye ngazi ya kudumu suluhisho ni jepesi. Kamba ndefu hufungwa juu ya mti hadi ardhini msimu mzima, na juu yake huwekwa fundo la Prusik, lililopewa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Likisukumwa kwa mkono linateleza; likivutwa na uzito linakaba.

Mwenye ulingo wa kukwea hana anasa hiyo, kwa kuwa leo yuko mti huu na kesho ule. Yeye huzungusha ukanda wa mti shinani juu ya kichwa chake akiwa bado amesimama ardhini, huunganisha nao mikanda ya mwilini, kisha huusogeza juu kila baada ya hatua. Ni kazi ya kuchosha, na inaongeza dakika kadhaa. Juu, ukanda unatakiwa ukae usawa wa kichwa au zaidi, na kiungo kinachouunganisha na mikanda kiwe kifupi kiasi kwamba akiketi hakibaki kimelegea sana. Ukifungwa usawa wa kiuno, mtu huanguka kwanza urefu wa kiungo ndipo akamatwe, na huenda akajikuta chini ya kikanyagio badala ya kando yake.

Kukamatwa nako si mwisho wa hatari. Mtu anayening'inia bila kusogeza miguu, damu hutuama mapajani na kwenye miguu kwa sababu mikanda inabana, na moyo huanza kukosa damu ya kutosha. Hali inaweza kuwa mbaya ndani ya nusu saa. Ndiyo maana mikanda ya kisasa huja na kitanzi cha kukanyagia, kinachomwezesha kusimama kidogo na kuruhusu damu izunguke. Simu inapaswa kukaa mfuko wa kifuani, si kwenye begi lililoning'inizwa mtini. Na nyumbani awepo mtu anayejua ni mti upi na saa ngapi mwindaji anatarajiwa.

Bunduki iliyoachwa chini ndiyo ya mwisho kupanda. Huvutwa kwa kamba mwindaji akiwa ameketi na amejifunga, chemba ikiwa tupu na mtutu ukitazama chini, na kamba isiguse kabisa sehemu ya kifyatulio. Kushuka hurudia mpango huo kinyume: bunduki kwanza, mtu baadaye.

Huko Wisconsin, jimbo jingine la Marekani, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki una siku tisa. Mwindaji anayepanda asubuhi na jioni kila siku atafanya mihamo ya uzito 1,440 kabla msimu haujafungwa. Asiyejifunga hadi afike juu anaifanya yote kwa kutegemea meno ya fremu na gome la mti. Anayeanza na ukanda ardhini anaifanya yote akiwa na kitu cha tatu kinachomshika, kwa gharama ya dakika chache kila anapopanda.