Poti ya 53 na Wenye Kuidai

Katika mashaka yanayomfika msimamizi wa seva, aghalabu hakuna linalomkera upesi kama huduma kukataa kuanza kwa hoja kwamba anwani inayotakiwa imekwisha kutumika. Kwani ujumbe huo, ambao katika Linux hubeba nambari 98, hulitaja dai lililokataliwa pasipo kumtaja mwenye milki, na mtu asiye na subira huona afadhali kuua mchakato wa kwanza anaoushuku, akaikata kesi kabla haijasikilizwa.

Natuitazame kesi moja iliyo mashuhuri. Msimamizi amesimika dnsmasq katika seva ya Ubuntu, ili kompyuta za ofisini zipate kuulizia humo majina ya mtandao, nayo huduma inaanguka papo hapo ikiilalamikia poti ya 53. La kwanza ni kuuliza nani anasikiliza hapo, kwa amri ya `sudo ss -lntup`. Na hiyo sudo si pambo, maana asiye na mamlaka ya root ataziona poti, lakini majina ya michakato ya wengine atafichwa. Mkabala na 127.0.0.53:53 patasomeka systemd-resolve, jina lililopungukiwa na herufi ya mwisho kwa sababu Linux huonyesha hapo alama 15 tu za jina la mchakato. Mwenyewe hasa ni systemd-resolved, anayeitafutia seva yenyewe majina.

Sasa itazamwe vema ile anwani. Systemd-resolved anadai anwani za ndani tu, ilhali dnsmasq, kwa desturi yake, hudai anwani zote, hata ikiwa imeagizwa kuhudumia kadi moja ya mtandao, kisha huyatupa maombi yasiyoihusu. Kinachogombewa, basi, si poti peke yake, bali ni anwani, poti na itifaki kwa pamoja, na aliyezidisha dai ni yule aliyekuja nyuma. Kwa hiyo dawa iliyo adilifu ni kuandika `bind-interfaces` katika /etc/dnsmasq.conf, pamoja na `listen-address` yenye anwani ya seva katika mtandao wa ofisi. Hapo kila mmoja atashika lake, wala hapana atakayeuawa.

Wako wanaoshauri kumnyamazisha systemd-resolved kwa `DNSStubListener=no`. Njia hiyo hufanya kazi, ila ina hatari ambayo washauri wengi huipita kimya: katika matoleo ya zamani ya systemd, maadamu /etc/resolv.conf ingali kiungo cha kuelekea stub-resolv.conf, seva itaendelea kuuliza 127.0.0.53, mahali ambapo hapana tena wa kujibu, na hata apt itashindwa kupakua chochote. Mwenye kuifuata katika matoleo hayo sharti akielekeze kiungo hicho kwenye /run/systemd/resolve/resolv.conf siku iyo hiyo.

Kwa huduma za TCP, hutokea pia kwamba ss haionyeshi msikilizaji yeyote, na bado poti inakataa. Hapo msimamizi atumie `ss -tan`, atafute miunganisho iliyobaki katika hali ya TIME-WAIT, ambayo Linux huishikilia kwa sekunde 60 baada ya upande wa seva kutangulia kufunga. Hakuna mchakato wa kuuawa hapo. Ni kungoja muda huo upite, ama, ikiwa programu ni yake mwenyewe, aitie SO_REUSEADDR kabla haijaita bind.