Vyura, Kandambili na Mwiko wa Nyuma

Jioni ya tarehe 5 Novemba 2023 nilikuwa nimebanana na watu kwenye banda umiza moja la Mabibo, si mbali na sokoni, Yanga ilipoifunga Simba 5-1. Bao la tano lilipoingia, mashabiki wa Simba walianza kutoka mmoja mmoja. Jirani yangu, Simba wa kufa, alifika mlangoni akageuka. "Furahini tu, vyura nyie. Mvua zikianza mtajua kwenu wapi." Banda zima lilicheka, sisi washindi tukiwamo.

Nilikuwa nimevaa fulana yenye kauli mbiu ya klabu yangu: Daima mbele, nyuma mwiko. Nilipofika nyumbani ndipo likanijia jambo lililoniudhi kidogo. Tusi la jirani lilikuwa na historia ndani yake. Fulana yangu haikuwa nayo.

Tuyasome maneno haya kama tunavyosoma fasihi. "Vyura" linataja mahali. Makao ya Yanga yako Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, na mvua kubwa zikinyesha, maji huingia hadi uwanja wa Kaunda. Anayetuita vyura anajua klabu ilipojengwa: si mlimani penye upepo, bali bondeni, jirani na Kariakoo, eneo ambalo mkoloni aliwatengea Waafrika huku Wazungu na Wahindi wakiwa na sehemu zao. Yanga ilizaliwa katika mji huo mwaka 1935. Kujiita "Young Africans" wakati ule, Mwafrika akiwa wa mwisho kwenye kila foleni, halikuwa jambo dogo. Kisha vinywa vya Kariakoo vikalitafuna jina lenyewe la Kiingereza mpaka likawa Yanga.

Kauli mbiu yetu haina hata kimoja kati ya hivyo. Haina bonde, haina mwaka, haina mtu. Inaweza kubandikwa kwenye basi la mikoani au kampuni ya simu, ikakaa vizuri tu. Mbaya zaidi, inaitisha mwiko juu ya kitu kilekile tunachojivunia. Tukitaka kumnyamazisha Simba tunakimbilia nyuma: 1935, bao la Sunday Manara lililotupa ubingwa Nyamagana, Mwanza, mwaka 1974, na mataji 31 ya ligi tuliyofikisha mwaka 2025. Tunakula nyuma, halafu tunaiita mwiko.

Mwiko huo una kazi yake, na hiyo kazi niliielewa kwa fundi viatu. Anakaa kwenye mwavuli wake njia ya kwenda sokoni. Nilimpelekea raba zangu, nikamwamkia. Akaisoma fulana yangu polepole.

"Marahaba. Nyuma mwiko, eeh? Sasa mimi mjukuu wangu utaniweka wapi? Mimi ni wa Pan."

Nilidhani anatania. Pan African, mabingwa wa mwaka 1982, kwangu ilikuwa jina la kwenye orodha tu. Akaninyooshea ndala aliyokuwa akiishona. "Hii ndiyo ilitugawa," akasema.

Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipasuka. Upande mmoja uliitwa Yanga Kandambili, mwingine Yanga Raizon. Kandambili ni ndala za mtu wa kawaida. Raizon ni viatu vya soli nene, vilivyokuwa fasheni ya vijana wa mjini. Mwaka 1976 mpasuko huo ukazaa Pan African. Watani wetu walilichukua neno kandambili na kutupiga nalo miaka mingi, na sisi tulijitetea kana kwamba ni uongo. Haukuwa uongo. Ni kumbukumbu kwamba ndani ya klabu hii watu waligombana kuhusu nani mwenye klabu, wakagombana mpaka viatu vikawa vyama.

Simba nayo ina mambo ya kufuta. Ilianza mwaka 1936 ikiitwa Queens, ikawa Eagles, ikawa Sunderland, hadi ilipoitwa Simba mwaka 1971. Shabiki wa Yanga anayemwita mtani wake Sunderland anamkumbusha mambo ambayo bango la klabu halitamkumbusha.

Jambo hili si la Dar peke yake. Kule Budapest, Ferencváros, klabu yenye mataji mengi kuliko zote Hungaria, ilinyang'anywa jina na rangi zake za kijani na nyeupe na serikali ya kikomunisti mwaka 1950. Ilivirudisha mwaka 1956. Mashabiki huiita Fradi, jina lililotokana na Franzstadt, yaani jina la Kijerumani la mtaa wao. Wajerumani wa mtaa ule wamebaki wachache, lakini kila goli likiingia, historia yao inapigiwa kelele na watu wasioifikiria.

Sisemi kila tusi ni maktaba. "Utopolo" tunaloitwa siku hizi linachekesha, lakini ukilipasua hukuti mwaka wala mahali. Na yapo matusi ya uwanjani yanayomdhalilisha mama wa mtu au kabila lake. Hayo hayana cha kutetea. Kipimo changu ni kimoja: utani mzuri lazima uwe na ushahidi.

Kwa kipimo hicho, neno linalonitia wasiwasi zaidi ni letu wenyewe: Wananchi. Tunajiita Timu ya Wananchi, na ni neno zuri kuliko yote tuliyo nayo. Lakini mwaka 2021 wanachama tulipitisha mfumo wa hisa, 51 kwa mia za wanachama na 49 za wawekezaji. Siupingi, mpira wa leo unataka fedha, na matunda tumeyaona. Ila mwananchi wa enzi za kandambili alikuwa na uwezo wa kubisha, hata kuondoka na kuanzisha timu. Mwananchi wa leo ananunua jezi. Tukisahau ugomvi ule, neno litabaki jina la biashara, na hatutajua ni lini lilibadilika maana, kwa sababu kuangalia nyuma tumekatazwa.

Fundi alimaliza raba, nikalipa. Nilimuuliza kama alijuta kuifuata Pan. Akafikiri, akaning'iniza ndala aliyoishona kwenye msumari.

"Nilijuta tuliposhuka daraja," akasema. "Kugombana sikujuta."

Fulana bado naivaa. Lakini juzi mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi jirani yangu akaniita chura kutoka ng'ambo ya barabara. Nikamwitikia.