Mapambo ya Art Smith na Mwili Unaoyavaa

Msonara Art Smith (1917–1982), Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Cuba na wazazi Wajamaika, alifungua duka lake Greenwich Village, New York, mwaka 1946. Wahakiki hupenda kuitaja Afrika kuwa chemchemi ya sanaa yake. Si uongo, ila haitoshi. Jicho lake lilinolewa pia na wachezaji dansi wa jukwaani, hasa kundi la Talley Beatty, aliowatengenezea mapambo makubwa ya kuonekana kwa mbali. Hebu itazameni bangili yake iitwayo “Lava”: yafunika kigasha kwa mawimbi yanayopandana. Ikilazwa mezani ni madini yaliyopindwa tu, ikivaliwa, hucheza. Jumba la Makumbusho la Brooklyn limeihifadhi. Lakini pasipo picha ya mvaaji kando yake, mtazamaji huona nusu ya kazi.