Kupanga Ikwalaiza ili Kibajuni Kisikike

Tangu vita vya Somalia vya mwaka 1991 viwatoe Wabajuni wengi Kismayu na visiwani, ukoo mmoja huweza kuwa na watu Koyama, Mombasa, Malindi na Uingereza kwa wakati mmoja. Siku hizi kinachouunganisha ukoo huo ni ujumbe wa sauti kwenye simu. Salamu, habari za msiba, nasaba, majina ya miamba ya kuvulia na visa vya wazee vyote hupita humo. Msikilizaji huchomeka iafoni zake za Bluetooth, anabonyeza, na mara nyingi anachokipata ni mvumo wa upepo na sauti nzito isiyokamatika maneno. Akifungua programu ya iafoni kutafuta nafuu, anakutana na mpangilio wa kuongeza besi, anauchagua, na mambo yanazidi kuharibika.

Uchambuzi huu unaeleza kwa nini yanaharibika, na jinsi ikwalaiza ya kwenye simu, yaani vitelezi vya kupandisha au kushusha sehemu za sauti, inavyoweza kupangwa ili msemaji wa Kibajuni asikike neno kwa neno. Msimamo wangu ni mmoja: kwa usemi, kazi ya kwanza ya ikwalaiza ni kushusha kinachofunika maneno. Kuongeza huja baadaye, tena kwa kiasi.

Mahali maneno yanapokaa

Sauti ya mtu ina sehemu mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni mtetemo wa koo, ambao kwa wanaume wazima huwa kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 85 na 180 hivi, na kwa wanawake kati ya 165 na 255. Huu ndio hutoa uzito wa sauti. Ya pili ni konsonanti, yaani midomo, meno na ulimi vinavyokata na kuchuja pumzi. Nguvu zake ni ndogo sana kuliko za irabu, na sehemu kubwa ya zile zinazotofautisha neno na neno ziko kati ya hezi 2,000 na 8,000.

Kibajuni kinategemea sana sehemu hiyo ya pili. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki, wanakiita Kitikuu na kukiweka miongoni mwa lahaja za kaskazini za Kiswahili. Tabia yake moja inajulikana na kila aliyewahi kukisikia: penye t ya Kiswahili sanifu, mara nyingi Mbajuni hutamka ch, na penye w hutamka v. Watu huwa vachu. Hata ramani zinaonyesha jambo hilo, maana kisiwa kile kile huandikwa Tula na Chula, na kingine Tovai na Chovai. Penye z nako husikika dh mara nyingi.

Sasa zitazame sauti hizo kwa jicho la fundi. Ch ina mshindo mkali unaoanzia karibu na hezi 2,500 na kupanda, kwa hiyo haipotei kwa urahisi. Lakini v na dh ni dhaifu mno. Pumzi yake hutawanyika juu bila kilele kinachoonekana, na sikio huzitambua zaidi kwa namna irabu ya jirani inavyopinda inapoingia au kutoka, kati ya hezi 1,000 na 3,000. Ukifunika eneo hilo, v na dh hufanana, na neno hubaki la kukisia.

Kinachofunika ni besi. Sikio la binadamu lina tabia iliyopimwa kwa miongo mingi: sauti nzito yenye nguvu huficha sauti nyembamba iliyo juu yake kwa urahisi zaidi kuliko nyembamba inavyoweza kuficha nzito. Rekodi iliyochukuliwa ufukweni wakati wa kusi imejaa sauti nzito. Upepo unaogonga maikrofoni una nguvu zake nyingi chini ya hezi mia chache, na injini ya mashua nayo hukaa huko huko. Ukiongeza besi hapo, umeupa upepo kipaza sauti.

Programu inafanya nini hasa

Watu wengi hudhani muziki au ujumbe hupita ndani ya programu ya iafoni ukatengenezwa humo. Kwa iafoni nyingi zenye programu ya kampuni, sivyo. Programu hutuma namba tu, na namba hizo huhifadhiwa kwenye chipu iliyo ndani ya iafoni. Chipu ndiyo inayopitisha sauti kwenye machujio ya kidijitali, kila chujio likipandisha au kushusha mkanda wake wa masafa. Ndiyo maana ukishapanga unaweza kuifunga programu, na mara nyingi hata ukiziunganisha iafoni hizo na simu nyingine mpangilio unabaki.

Ikwalaiza iliyo ndani ya simu yenyewe ni jambo tofauti. Android imewapa watengenezaji wa programu uwezo huo tangu toleo la 2.3 la mwaka 2010, na ikwalaiza hiyo hurekebisha sauti kabla haijabanwa na kurushwa kwa Bluetooth. Ukiwasha zote mbili, mabadiliko hujumlishana, na mtu hujikuta anashindana na mpangilio aliousahau. Chagua moja na uzime nyingine.

Mikanda hutofautiana kwa kampuni. Programu ya Soundcore ya Anker ina minane: hezi 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200, 6,400 na 12,800. Ya Sony, kwa iafoni zake nyingi, ina mitano, 400, 1,000, 2,500, 6,300 na 16,000, pamoja na kitelezi cha peke yake cha besi. Nitatumia minane kwa mfano. Mwenye mitano achague mkanda ulio karibu.

Mpangilio, hatua kwa hatua

Kabla ya kugusa kitelezi chochote, hakikisha mpira wa iafoni umeziba sikio. Ukivuja, besi hutoroka, na mtu huongeza besi kufidia uvujaji ambao ungekwisha kwa kubadilisha mpira kwa saizi nyingine. Kisha rudisha vitelezi vyote kwenye sifuri. Chagua sentensi moja ya ujumbe yenye maneno usiyoyakamata, uirudie hiyo hiyo kila unapobadilisha.

Anza chini. Shusha hezi 100 kwa desibeli 6 na hezi 200 kwa desibeli 4. Desibeli 6 ni kupunguza ukubwa wa wimbi kwa nusu, hivyo mvumo wa upepo na injini hupungua mara moja. Usihofu kwamba sauti ya babu itageuka ya mtoto. Simu za kawaida kwa miaka mingi zilikata kila kilicho chini ya hezi 300, na bado kila mtu alimtambua baba yake akipiga. Ubongo huujenga uzito wa sauti kutokana na mitetemo ya juu inayofuatana na ule wa chini.

Hezi 400 ishuke kwa desibeli 2 ikiwa rekodi ilichukuliwa chumbani na inasikika kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Ikiwa ilichukuliwa nje, iache. Hezi 800 na 1,600 zibaki sifuri, kwa kuwa ndipo mwili wa irabu ulipo, na ukiuvuruga msemaji huanza kusikika kama anayesemea puani.

Hezi 3,200 ndiyo ya kupandisha, kwa desibeli 2 au 3 na si zaidi. Sikio huhisi kwa wepesi zaidi sauti zilizo karibu na hezi 3,000, kwa hiyo nyongeza ndogo hapo husikika kubwa, na nyongeza kubwa huchosha sikio upesi. Baada ya hatua hizi, tofauti kati ya hezi 100 na 3,200 imefika desibeli 8 au 9, na hiyo inatosha kuzitoa v na dh zilizokuwa zimezama. Hezi 6,400 iongeze kwa desibeli 1 kama ch na s zimefifia. Zikichoma, ishushe kwa 2. Hezi 12,800 usiiguse.

Ukisikia mkwaruzo kwenye maneno yenye nguvu, nyongeza zimezidi. Sauti ya kidijitali ina dari, na wimbi likigonga dari hukatwa kichwa. Dawa ni kupata umbo lile lile kwa kushusha: hezi 3,200 irudi sifuri, na mikanda mingine ishuke, kadiri vitelezi vinavyoruhusu, kwa kiasi ulichokuwa umeiongezea hiyo. Kisha ongeza volyumu kidogo ili kufidia.

Mwisho, linganisha mpangilio wako na ule wa sifuri, lakini ukihakikisha ukubwa wa sauti ni sawa. Sikio hupenda kilicho na sauti kubwa zaidi, hata kama si wazi zaidi. Kipimo cha kuamini ni kimoja: je, neno ambalo hukulikamata sasa umelikamata?

Ikiwa wewe msikilizaji ndiye uliye kwenye upepo, zima kwanza kitendo cha iafoni cha kuua kelele kama hakina kinga ya upepo. Hutumia maikrofoni za nje, na upepo ukizigonga iafoni hutia mvumo wake wenyewe sikioni.

Mipaka ya ikwalaiza

Ikwalaiza haiwezi kuleta kisichorekodiwa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa kwa kodeki ya Opus, kwa kawaida kwa sampuli 16,000 kwa sekunde. Kanuni ya sampuli ni kwamba hubeba masafa mpaka nusu ya idadi yake, kwa hiyo juu ya hezi 8,000 hakuna kitu. Ndiyo sababu nimesema usiiguse hezi 12,800: ukiipandisha unapandisha utupu. Vilevile, mawimbi ya bahari yanayovunjika karibu na msemaji hutoa kelele iliyosambaa juu mpaka chini, pamoja na pale pale konsonanti zilipo. Kelele hiyo huwezi kuishusha bila kuyashusha maneno.

Kuna mpaka mwingine unaowaponza wengi. Bluetooth ina njia mbili za sauti: moja ya kusikiliza, yenye ubora, na nyingine ya mazungumzo, ambamo maikrofoni ya iafoni nayo hufanya kazi. Ya mazungumzo kwa kawaida hutumia sampuli 16,000 au hata 8,000 kwa sekunde. Ukirekodi kwa maikrofoni ya iafoni za Bluetooth, kwa kawaida umepita njia hiyo, na kwa sampuli 8,000 umekata kila kilicho juu ya hezi 4,000. Baadhi ya tofauti za Kibajuni zimekatwa hapo, na hakuna programu itakayozirudisha. Anayerekodi aondoe iafoni, atumie maikrofoni ya simu yenyewe, aiweke kama shibiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, na aupe upepo mgongo.

Kwa ngoma mpangilio hugeuka. Ngoma nzito kama vumi ziko chini, na kushusha hezi 100 ni kuiua ngoma. Acha mikanda ya chini kwenye sifuri, na ikiwa zumari inachoma, shusha hezi 3,200 kwa desibeli 2. Hifadhi mpangilio huu kwa jina lake na ule wa usemi kwa jina lake, kwa kuwa hakuna mmoja unaofaa kwa yote mawili.

Faida nyingine ya kushusha mvumo ni ya afya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80, na kwa desibeli 90 saa hizo hushuka hadi 4. Anayeongeza volyumu ili kuushinda upepo huzikaribia namba hizo upesi. Aliyeushusha upepo husikiliza kwa volyumu ndogo.

Faili lisiguswe

Mpangilio wa iafoni hubadilisha unachosikia wewe, wala haubadilishi faili. Hilo ni jambo jema, na libaki hivyo. Kibajuni cha visiwani kimewahi kuwa zaidi ya urithi. Uingereza, uchambuzi wa lugha umetumika kama ushahidi katika maombi ya hifadhi ya watu waliojitambulisha kuwa Wabajuni, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitoa hukumu kuhusu uzito wa ripoti za namna hiyo katika kesi za waombaji waliosema wanatoka Somalia. Pale ambapo matamshi ya mtu yanaweza kuamua hatima yake, rekodi iliyopitishwa kwenye machujio na kuhifadhiwa upya inaweza kumdhuru, kwa sababu sauti dhaifu ndizo hupotea kwanza.

Kwa hiyo nawaomba wenye wazee Kismayu, Koyama, Chovai, Chula na Ngumi, na wenye wazee walio ugenini. Rekodini kwa programu ya kurekodi ya simu, mkichagua muundo wa WAV kwa sampuli 44,100 au 48,000 ikiwa ipo. Tumeni kama faili la hati ili lisibanwe tena, na wekeni nakala ya asili mahali pawili. Kisha kila msikilizaji apange ikwalaiza yake anavyohitaji. Mpangilio mbaya hurekebishwa kesho, lakini rekodi mbaya ya mzee aliyekwisha kufariki hairekebishiki.