Mkunga na Saa ya Ukutani

Katika kila leba niliyowahi kuingia nimekuta saa ya ukutani. Zamani nilidhani imetundikwa ili wauguzi wajue zamu inakwisha lini. Usiku nilipojifungua mwanangu wa pili ndipo nilipoelewa saa ile ni ya nini.

Sista wa zamu alinawa, akaisugua mikono yake mpaka ikapata joto, kisha akauweka mmoja juu ya tumbo langu. Hakusema neno. Macho yake yalikuwa kwenye saa. Dakika kumi nzima alikaa vile, akihesabu uchungu unakuja mara ngapi na kila unapokuja unadumu kwa sekunde ngapi. Kila mara vidole vyake viliujua kabla mimi sijakunja uso. Kisha akaegemeza tumboni kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, akainamisha sikio, na kwa mkono wa pili akanishika kifundo cha mkono apate mapigo yangu, asije akayachanganya na ya mtoto.

Kipembe hicho kina jina la daktari Mfaransa, Adolphe Pinard, aliyekibuni mwaka 1895. Hakitaki umeme wala betri. Kinataka sikio lililozoea. Moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Uchungu ukishakolea, mkunga huusikiliza kila nusu saa; mama akianza kusukuma, kila dakika tano. Katikati ya makelele ya leba, huyu mtu mmoja hukaa akisikiliza sauti ambayo mama mwenyewe haisikii.

Anachokisikia hukiandika kwenye karatasi iitwayo partografu. Kwa asiyeijua ni miraba na alama za X tu, kumbe ni ramani ya safari ya mama. Waliochora mistari yake miwili mashuhuri ni madaktari Philpott na Castle, mwaka 1972, katika mji ambao leo unaitwa Harare. Walikuwa na shida tunayoijua sote: mkunga yuko zahanati ya mbali, hospitali yenye upasuaji iko mjini, atajuaje kwamba wakati wa kumpeleka mama umefika? Mstari wa kwanza ni wa tahadhari, nao unafuata njia ya uzazi inayofunguka sentimita moja kwa saa. Wa pili, wa kuchukua hatua, uko saa nne mbele yake. Alama zikivuka wa kwanza, mkunga wa zahanati huanza kuulizia gari, na zile saa nne ni za barabarani. Siku hizi Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo mpya, wa mwaka 2020, usiomtaka kila mwili wa mwanamke utembee kwa mwendo mmoja. Lakini kazi imebaki ileile: kutazama, kusikiliza, kuandika, kungoja.

Ndiyo maana nasema ukunga ni ufundi wa kungoja. Asiyeujua humhimiza mama asukume kabla njia haijafunguka, nguvu zikaishia njiani. Anayeujua huzuia, na kuzuia ni kazi. Nilipopiga kelele, "Sista, nakufa!" alinijibu taratibu, "Hufi, mama. Usisukume bado. Puliza, kama unawasha jiko la mkaa. Hivyohivyo." Nikapuliza.

Kisha hufika dakika ambayo kungoja kunakoma ghafla. Mtoto akishatoka, hukaushwa na kusuguliwa mgongo. Asipolia wala kuvuta pumzi, mkunga huanza kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa kabla ya dakika moja kutimia. Wenyewe huiita dakika ya dhahabu. Wakati huohuo yuko mama, ambaye damu inaweza kumhama kimyakimya. Sindano ya oksitosini, yuniti 10, huchomwa ndani ya dakika hiyohiyo. Kondo la nyuma likitoka, mkono hurudi tumboni kuhakikisha kizazi kimekaza. Saa zote za kungoja zilizotangulia zilikuwa ni za kuiandalia njia dakika hii.

Sitaficha upande wa pili. Nilipomzaa wa kwanza, mahali nisipopataja, niliambiwa, "Ulipokuwa unaitafuta hukulia, leo unalia nini?" Aliyesema hivyo alikuwa na mikono mizuri, mtoto alitoka salama na uzi haukuhitajika. Lakini miaka imepita, kidonda cha neno lile bado hakijapona. Mikono bila ulimi ni nusu ya ufundi.

Na tumtendee haki hata huyo. Mara nyingi mkunga mmoja ana akina mama watatu au wanne, kila mmoja na saa yake, na saa ya ukutani ni moja. Na bado vifo vya uzazi vimepungua. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikadiria kwamba Tanzania ilipoteza akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Wataalamu watataja vituo vya upasuaji, dawa, damu salama na magari ya wagonjwa, na yote ni kweli. Lakini gari haliitwi mpaka mtu awe ameketi karibu na mama, mkono tumboni, akaona alama imevuka mstari.

Tukienda kumpongeza mzazi, huuliza mtoto ana kilo ngapi, kafanana na nani, jina atapewa lipi. Wangu alikuwa na kilo tatu na robo, na amefanana na babu yake. Aliyempokea namjua kwa jina la "sista" tu, kwa sababu sikumwuliza. Wewe ukienda, uliza: nani alikupokelea mtoto? Na ukilijua jina lake, rudi ukamshukuru.