Thamani ya Mkwaju wa Adhabu

Mpira ukiruka vizuri, wachezaji gofu karibu wote hufanana. Ukiingia kichakani au majini, hapo ndipo fundi hujitenga na wengine, na chombo chake kikubwa huwa ni ile adhabu ambayo wanaoanza mchezo huiona kuwa fedheha.

Fikra yenyewe ni ya kale. Mwaka 1744 wachezaji wa Leith, karibu na Edinburgh huko Uskoti, waliandika kanuni 13. Moja ilimruhusu mtu ambaye mpira wake umetumbukia majini autoe, auweke nyuma ya maji na kuendelea kucheza, ila mpinzani wake afidiwe mkwaju mmoja. Mpaka leo kanuni husema hivyohivyo: unaweza kutoka taabuni, lakini utalipa.

Bei nazo zimepangwa kwa haki. Mpira uliopotea, au uliovuka vijiti vyeupe vya mpaka, hugharimu mkwaju mmoja na safari ya kurudi ulikoupigia. Tangu 2019 muda wa kuutafuta ni dakika tatu. Zamani zilikuwa tano. Anayepiga mpira usio wake katika mashindano ya kuhesabu mikwaju huongezewa miwili, kisha lazima arekebishe kosa hilo.

Kanuni ninayoistahi kuliko zote ni ya mpira usiochezeka. Mchezaji mwenyewe ndiye anayeamua kwamba haupigiki, isipokuwa ukiwa ndani ya eneo la adhabu, kama vile majini. Kwa mkwaju mmoja huchagua moja kati ya njia tatu: kurudi alikopigia mwanzo, kuudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili, bila kusogea karibu na shimo, au kurudi nyuma umbali wowote atakao, akifuata mstari unaotoka shimoni na kupita pale mpira ulipolala. Kila njia ina hesabu yake ya umbali, nyasi na pembe.

Hesabu hiyo ilifanywa kwa ustadi wa ajabu Julai 2017, siku ya mwisho ya mashindano ya Open, Royal Birkdale, Uingereza. Jordan Spieth na Matt Kuchar walikuwa sawa walipofika shimo la 13. Spieth akapiga mbali mno kulia, mpira ukazama katika nyasi ndefu za kichuguu cha mchanga. Urefu wa fimbo mbili usingemtoa kwenye nyasi zile, na kurudi alikoanzia kungempotezea umbali mwingi. Akaufuata mstari kwenda nyuma, akaona unafika kwenye uwanja wa mazoezi, akamuuliza mwamuzi kama eneo lile liko ndani ya mipaka. Lilikuwa ndani. Malori ya vifaa yaliyomzuia akayakwepa kwa kanuni nyingine, bila adhabu.

Alichukua muda mrefu, akipanda kichuguu na kushuka, kedi wake Michael Greller akimsaidia kukadiria umbali. Hatimaye alipiga kutoka pale, akausogeza mpira hadi karibu na grini, akamaliza kwa mikwaju mitano katika shimo la minne. Alipoteza mmoja tu mahali ambapo angeweza kupoteza mitatu. Katika mashimo manne yaliyofuata alipata nafuu ya mikwaju mitano, akatwaa ubingwa kwa tofauti ya mitatu.

Ufundi huu wote husimama juu ya uaminifu, kwa kuwa mara nyingi mchezaji huwa peke yake na mpira wake. Katika US Open ya 1925, Bobby Jones alisema mpira wake ulisogea alipokuwa akijiandaa kuupiga. Waamuzi hawakupata mtu mwingine aliyeona. Yeye akasisitiza ahesabiwe mkwaju mmoja. Mwishoni alilingana na Willie Macfarlane, wakarudiana, akashindwa. Mkwaju ule ulimnyima kombe.

Wewe unayejifunza gofu, usingoje siku ya mashindano ndipo uulize. Soma kanuni ya 17 ya maeneo ya adhabu, ya 18 ya mpira uliopotea au kuvuka mpaka, na ya 19 ya mpira usiochezeka, kisha nenda uwanjani jioni ukazifanyie mazoezi kama unavyofanya mazoezi ya kupiga. Siku moja zitakuokolea mikwaju ambayo mikono yako haiwezi kuiokoa.