Mchongoko Umepita Soga, na Nimeunasa!

Nimeunasa! Ndugu zangu wa Songea, mchongoko, ile treni ya umeme yenye pua iliyochongoka, umepita mbele yangu stesheni ya Soga, mkoani Pwani, bila kusimama, na picha ninayo.

Sisi wa Ruvuma treni tunaisikia kwenye taarifa ya habari. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay bado iko kwenye mipango, na ukiitaka reli ya TAZARA ni mpaka ufike Makambako, karibu kilomita 300. Huko ndiko nilikojifunzia kupiga picha za treni. Treni ya TAZARA unaiona ikija, unafuta lenzi, unachagua pa kusimama, unapiga tano, sita, na mabehewa bado yanapita. Soga ni habari nyingine kabisa!

Treni za umeme za Reli ya Kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, zikafika Dodoma Julai, na mchongoko ukaingia kazini Novemba mwaka huohuo. Mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa. Piga hesabu: mita 44 kila sekunde! Hauna moshi wala mngurumo wa dizeli wa kukuambia jiandae. Reli zinalia kwa sauti nyembamba, upepo unakupiga kifuani, umekwenda. Wa kwanza ulinipita hivyohivyo. Shata ilikuwa 1/125 ya sekunde, na kwa muda huo treni inasogea sentimita 36, kwa hiyo nilichopata ni mchirizi mtupu.

Wa pili nikaungoja kwa akili. Fokasi otomatiki ya kamera nikaizima, nikailenga lenzi kwa mkono kwenye taruma moja tu, shata nikaipandisha mpaka 1/2000, kisha kidole kikatulia. Pua ilipofika kwenye lile taruma, nikabonyeza. Jamani! Ukiikuza picha unaona waipa ya kioo cha dereva, na chini yake wadudu waliogandia njiani. Kwa mwendo ule, mdudu anaonekana!

Kijana mmoja pembeni yangu alikuwa anapiga kwa simu. "Kaka, mbona madirisha yangu yameinama?" Hakukosea kitu. Simu nyingi huisoma picha mstari kwa mstari, na kabla hazijamaliza mstari wa chini, treni imeshasogea. Nikamwambia aache kupiga ubavu, aungoje ukija uso kwa uso. Uliofuata aliupata umenyooka, akanikumbatia.

Na mwanga, msiudharau. Asubuhi chagua treni inayotoka Morogoro kuja Dar, maana jua linaangaza pua yake. Inayotoka Dar jua liko mgongoni kwake, uso unabaki kivulini. Mwezi wa Julai jua letu linapita kaskazini, basi simama upande huo, na nguzo za nyaya ziache nyuma ya treni, zisije zikaikata katikati.

Nimepiga harusi, nimepiga ngoma, nimepiga machweo ya Mbamba Bay. Hakuna picha iliyonitetemesha mikono kama hii. Ukishuka Dar na basi la Songea, usigeuze kabla hujatenga asubuhi moja ya Soga. Omba ruhusa kwa wahudumu, kaa nyuma ya mstari wa usalama, na uchague taruma lako mapema.